Mkurugenzi Mkuu wa Kampeni ya Mke Wangu

Jumatatu, 18 Agosti

Siku kumi na mbili zimebaki. Leo nimejiteua Mkurugenzi Mkuu wa Kampeni. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa nilikuwa peke yangu chumbani.

Mgombea ni mke wangu, Akuabata, nesi mkunga wa zahanati ya Umuogwara kwa miaka ishirini na miwili. Mwakilishi wetu katika Bunge la Jimbo alipewa ukamishna, kiti kikabaki wazi, na wanawake wa kanisani wakamng'ang'ania mke wangu agombee. Sheria inataka mtumishi wa serikali aache kazi kwanza. Ameacha. Barua aliandika kwa mkono wake, akalia kidogo, akajifuta, akaenda kuipeleka. Akishindwa, bunge hana na zahanati hana. Ndiyo maana nimeona jambo zito kama hili nisimwachie peke yake.

Anachokitaka bungeni ni kimoja tu: daraja la kijito cha Iyiocha. Mvua ikinyesha kijito kinafurika, na wajawazito wa ng'ambo wanajifungulia ukingoni kwenye matope. Nimemwambia hiyo si sera. Sera lazima iwe na maneno yasiyoeleweka vizuri. Akasema yeye hana haja na sera, anahitaji mtu wa kumpeleka kijiji hadi kijiji kwa pikipiki yetu.

Yaani mimi niwe dereva! Mimi niliyekuwa katibu wa kamati ya wazazi vipindi viwili!

Nimempeleka hata hivyo, nione anavyofanya kampeni. Aibu tupu. Anaingia nyumbani kwa mtu, anauliza habari za mtoto, anampima uzito, anamtazama ulimi, anaaga. Nyumba nne hakutaja hata neno kura. Nilikuwa nakohoa mlangoni kumkumbusha, akaniuliza kama nimepata mafua.

Mpinzani wetu ni Injinia Polycarp, muuza saruji. Hakuna aliyewahi kuona kitu alichokijenga. Mkurugenzi wake ni Sylvanus Agbo, tuliyesoma naye darasa moja, na ambaye tangu darasa la nne ananitangulia katika kila jambo isipokuwa kunenepa, na hivi karibuni hata hilo. Wameweka bango sokoni, kubwa kama ukuta wa kanisa. Leo alisimamisha gari kando yetu, akashusha kioo, akaniita kwa jina, "Dili, siku hizi umekuwa dereva wa mama?" Nilicheka. Mpaka sasa najuta kwa nini nilicheka.

Jumanne, 19 Agosti

Mambo yameanza! Nimeazima vipaza sauti vinne kwa jamaa wanaoshughulikia mazishi, nikavifunga kwenye ukingo wa paa, vinaelekea barabarani. Wimbo wa kampeni nimeutunga na kuuimba mwenyewe. Beti sita. Tangu alfajiri unarudiwa. Jirani yangu Nwokeabia alikuja kuniuliza nani amefariki.

Saa nne mpiga mbiu alipita na kengele yake ya chuma. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga, lakini sikusikia kitu, na wala sikuhitaji. Kila mwaka siku moja kabla ya Sikukuu ya Kiazi Kipya hupita hivyohivyo kutukumbusha tunachokijua. Akasimama mbele ya geti letu, akagonga tena kwa nguvu. Nikaongeza sauti. Siwezi kumwachia mzee wa kengele aniharibie ubeti wa tano.

Na sikukuu hiyohiyo ndiyo turufu yangu. Huku kwetu hakuna mtu anayethubutu kuonja kiazi kikuu kipya kabla Igwe, mfalme wetu, hajala cha kwanza mbele ya watu. Maghala yamebaki na vile vya mwaka jana, vimenyauka, vina mizizi kama ndevu. Watu wana hamu hadi wanaota. Igwe anakula kesho. Sasa keshokutwa alfajiri, nani atakuwa wa kwanza kufikisha kiazi kipya kwenye kila mlango? Sylvanus anagawa chumvi na viberiti. Viberiti!

Nimeongea na mfanyabiashara wa viazi kule mpakani na jimbo la Benue. Amekubali kunipa lori zima la viazi vipya nikimwachia pikipiki. Nimekubali bila kusitasita, ndivyo viongozi wanavyoamua. Tukishinda tutapewa gari. Akuabata sijamwambia. Atapinga tu, anasema kumpa mtu chakula ili akupigie kura ni kumtukana.

Jioni amerudi, vumbi mpaka magotini, akakaa karibu yangu akanieleza jambo refu kuhusu Igwe na jino lake. Nilikuwa nakata stika zenye picha yake, kazi inayotaka utulivu. Nikasema, "Pole yake."

Alhamisi, 21 Agosti

Mchana. Niandike kwa mpangilio.

Jana nilikwenda mpakani, nikaacha pikipiki, nikapakia viazi mia sita na kimoja. Lori likakwama njiani kwa saa kumi. Nikasikitika kwamba nimeikosa sikukuu, lakini kazi ni kazi. Tulipokuwa tunangoja, mimi na dereva tulichoma kimoja tukakila kwa mafuta ya mawese. Nilikuwa nimejihesabia kwamba saa hizo Igwe ameshakula zamani.

Leo kabla hakujapambazuka tumepita vijiji vitano. Kiazi kimoja mlango mmoja, kila kiazi kina stika: sura ya mke wangu anatabasamu, na chini yake maneno "Nesi Akuabata, wa Kwanza Mlangoni Kwako." Kufika saa mbili tumemaliza. Nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikaketi barazani kungoja shukrani.

Wa kwanza kufika alikuwa Nwokeabia. Kiazi alikuwa amekifunga kwa jani la mgomba, amekinyoosha mbali na mwili wake kama panya aliyekufa. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia akaribie, asione haya kupokea. Akasema sikukuu haijafanyika.

Haijafanyika! Jumatatu Igwe aling'olewa jino, shavu likavimba, hawezi kutafuna hata ndizi. Sikukuu imesogezwa siku nane. Mpiga mbiu alitangaza kila mtaa. Hata muuza vitunguu kutoka Kaskazini alikuwa anajua. Mji mzima ulijua isipokuwa Mkurugenzi Mkuu.

Nikasema kwa sauti kwamba hakuna mtu aliyeniambia. Akuabata alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ameshika mwiko. Ndipo nikakumbuka lile jino.

Kwa hiyo nimegawa mwiko wa mji kwenye milango mia sita, na juu yake nimebandika uso wa mke wangu. Na kimoja nimekila. Kilikuwa kitamu sana, na hilo linaniumiza zaidi.

Ijumaa, 22 Agosti

Viazi vinarudishwa. Wenye adabu wanaviacha getini. Wengine wanavirusha juu ya ukuta. Kimoja kimevunja ndoo. Lundo limefika usawa wa dirisha, na kila upande nikitazama, mke wangu ananitabasamia.

Sylvanus hakulazimika kutunga uongo wowote. Anazunguka tu na kusema ukweli, na hilo ni jambo jipya kwake. Anauliza watu: mwanamke anayetaka kula kabla ya mfalme, leo kiazi, kesho atataka nini? Kiti cha enzi? Watu wanatikisa vichwa.

Akuabata alitoka kwa miguu kufanya kampeni, akarudi saa sita. Nyumba tatu zilimfungia. Ya nne ni ya mwanamke aliyemzalisha pacha kwa mwanga wa tochi aliyoishika kwa meno, mwaka ule umeme ulipokatika wiki tatu. Huyo alimchukua mtoto wake kutoka kwenye mizani, taratibu, bila kumtazama usoni. Akuabata ndiye aliyenisimulia. Alisimulia huku anavua viatu, kisha akaniuliza pikipiki iko wapi.

Nikamwambia.

Aliviweka viatu vyake mlangoni. Halafu akaenda kuchota maji ya kunawa miguu. Angenipigia kelele ningejitetea, hoja nilikuwa nazo. Nimebaki nazo mdomoni siku nzima.

Jumapili, 24 Agosti

Wamekuja!

Tulikuwa tumetoka kanisani, ambako benchi letu tulikaa wawili tu. Nikasikia nyimbo getini. Ni umuada, mabinti wa ukoo wa mke wangu kutoka Ezi-Ukwa, wanawake ishirini na watatu walioolewa huku na huko katika vijiji vyetu vyote vinane. Wana mikeka, wana vyungu, wana sufuria zao. Mbele yao Mama Ejima, miaka sabini na kitu, mama wa pacha mara mbili. Umuada wakija kukaa uani kwako, huwaulizi wataondoka lini. Wanaondoka wakisharidhika.

Mama Ejima akasema wamesikia binti yao anaitwa mvunja mwiko, na wamekuja kumwona aliyeuvunja. Wote wakanitazama. Nikasema karibuni.

Tangu hapo sina nyumba. Kuku saba wameisha. Kiti changu amekikalia mama mmoja mnene anayekoroma mchana. Viazi vile hawavigusi, wanavizunguka kwa mbali. Kazi yao kubwa ni mimi. "Shemeji, hebu geuka tuyaone hayo masikio, ni ya kusikilizia au ni ya kushikia miwani?" Mwingine akaonja supu yangu akauliza kama nyama imepita tu juu ya chungu ikaenda zake. Nikipita wananyamaza, nikishapita wanaangua kicheko. Mama Ejima aliniita kando nikadhani ananihurumia. Alitaka nimtafutie ugoro.

Lakini jioni niliwaona wamemzunguka Akuabata, mmoja anamsuka nywele, mmoja anamkanda miguu, na yeye anacheka. Wiki nzima sijamsikia akicheka. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza, nikaona vibaya kwamba si mimi niliyemchekesha.

Jumanne, 26 Agosti

Tumeitwa mbele ya Igwe. Shavu bado limevimba, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Wazee wamejaa. Sylvanus naye yupo, amekuja "kusikiliza tu," na daftari mkononi.

Nilikuwa nimeandaa utetezi wa kurasa tatu. Hoja yangu kuu: kiazi kilichoota Benue kiliota chini ya mfalme mwingine, hivyo hakihusiki na mwiko wa mfalme wetu. Naamini ni hoja nzito hadi sasa. Nilisoma nusu ukurasa. Igwe akajishika shavu, akauliza ziko kurasa ngapi. Mama Ejima akaninyang'anya karatasi, akazikunja, akazikalia.

Akuabata akasimama. Akasema kosa limetokea nyumbani kwake, na uso wake ndio uliobandikwa, kwa hiyo anaomba radhi yeye. Kura haombi. Anaomba kitu kimoja: mjamzito anayeona haya kumjia kwa sababu ya viazi, asione haya, aje. Akaketi. Maneno yake hayakumaliza dakika moja. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna kokwa ya mkola aliacha kutafuna.

Hukumu: kondoo dume mmoja, jogoo mmoja, na viazi vyote mia sita viondoke mjini kabla ya sikukuu, na mvushaji awe mimi, kwa mikono yangu, mpaka nje ya mpaka wa Umuogwara. Sina pikipiki. Nina toroli moja, na gurudumu lake linalia.

Nimeanza leo mchana. Safari kumi na moja. Umuada wananifuata nyuma wakiimba wimbo walionitungia, kuhusu mwanamume aliyeolewa na lori la viazi. Una lahani nzuri, lazima nikiri, na kiitikio chake kinashikika kuliko changu. Watu wametoka majumbani kutazama. Watoto wanaimba. Nimemwona yule mama wa pacha aliyemwondoa mtoto wake kwenye mizani, ameshika mbavu kwa kicheko. Na nimeona jambo jingine: wakishacheka, wanamwamkia Akuabata. Mji ambao Ijumaa ulimfungia milango leo unamwita dirishani, unamwambia pole kwa mume.

Nasukuma toroli. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 28 Agosti

Kiazi cha mwisho kilivuka mpaka saa moja asubuhi. Saa nne, sikukuu.

Igwe amekula. Walimpondea kikalainika, akakigeuzageuza mdomoni kwa upande mzima, mji mzima umebana pumzi. Akameza. Mizinga! Ngoma! Mimi nilikuwa nyuma kabisa, sikuweza kuinua mikono kupiga makofi.

Halafu malkia, mke wa Igwe, ambaye watoto wake watatu wa mwisho walipokewa na mikono ya mke wangu, alichukua kipande kwenye sinia ya mumewe, akavuka uwanja wote, akamlisha Akuabata mbele ya watu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikasikia masikio yanawasha. Sylvanus aliondoka mapema na Injinia wake. Niliwaona!

Mama Ejima anasema kura zipo. Umuada wamepita nyumba kwa nyumba huko walikoolewa, kila mmoja amekiwekea dhamana kijiji chake. Sasa kila mtu arudi kwake, Jumamosi apige kura, basi.

Tunashinda. Na katika kushinda huku hakuna aliyeniuliza chochote. Nilikaa barazani na kitambaa cha moto begani, nikifurahi, nikijiona pia sina kazi duniani. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nikawaza: kampeni nzima, halafu mchango wa Mkurugenzi Mkuu uwe toroli? Hapana. Linahitajika jambo moja la mwisho.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimelipata. Maandamano!

Umuada ishirini na watatu, sare moja, kitambaa cha buluu, wanapita barabara kuu asubuhi ya kura, mpiga picha mbele. Sylvanus aone. Fundi cherehani amekubali kumaliza leo jioni. Baada ya kupita mbele ya soko, basi linawachukua, kila mmoja linamshusha kijijini kwake apige kura.

Wao walikuwa wamefunga mikeka tangu asubuhi, wanataka kwenda. Nikawasihi. Nikasema nataka kuwashukuru, nimechinja mbuzi. Mama Ejima akasema mbuzi mzuri, ila siku ya kura magari hayaruhusiwi kutembea, hata yeye ambaye hakusoma analijua hilo. Nikamwonyesha kitambulisho changu kilichoning'inia shingoni, chenye picha na muhuri: Mkurugenzi Mkuu wa Kampeni. Nilikitengeneza mwenyewe wiki iliyopita, muhuri ni wa kamati ya wazazi. Akakishika, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Akauliza, "Shemeji, hiki kimetoka kwa wakubwa?" Nikasema ndiyo.

Alinitazama vizuri usoni, kisha akawaambia wenzake wafungue mikeka. Akasema mtu aliyesukuma toroli siku mbili hawezi kusema uongo tena wiki hiyohiyo.

Akuabata hayupo. Ameitwa ng'ambo ya kijito, mwanamke ana uchungu tangu adhuhuri. Angekuwepo angewaambia waende. Nalijua hilo, na sitaki kulifikiria.

Jumamosi, 30 Agosti

Maandamano yalipendeza. Niandike hilo kwanza, kwa sababu hakuna jingine la kuandika lililo zuri.

Saa tatu asubuhi basi lilifika njia panda. Askari wakalisimamisha. Nikashuka na kitambulisho. Askari akakisoma, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. Walicheka kwa adabu. Kitambulisho walibaki nacho, basi likarudishwa.

Mtu hupiga kura pale alipojiandikisha, hapa kwetu hapakuwa na jina hata la mmoja wao. Vituo vinafungwa saa nane na nusu. Kijiji cha karibu ni mwendo wa saa moja, cha mbali ni saa nne kwa mtu mwenye magoti mazima. Hakuna aliyenitukana. Walivua viatu wakavishika mkononi, wakaanza kutembea na sare zao za buluu. Nilitembea nao. Nilitaka kumbeba Mama Ejima mgongoni, akanisukuma kwa fimbo.

Saa tano mvua ikaanza. Tisa walikuwa wa upande huu, wakafika vituoni, wamelowa chapachapa, wakapiga. Kumi na wanne ni wa ng'ambo. Tulifika Iyiocha saa saba na robo. Maji yalikuwa yamefika kwenye matawi.

Wakakaa ukingoni, wamejipanga, na rangi ya vitambaa inachuruzika miguuni. Kwa mbali upande wa pili tulikiona kituo, turubai jeupe na watu wenye miavuli. Mmoja alipunga mkono wakamwona, wakampungia nao. Saa nane na nusu walikunja turubai.

Mama Ejima aliniomba nimtafutie mahali pakavu pa kukaa, na sikupaona.

Jumapili, 31 Agosti

Tumeshindwa kwa kura kumi na moja.

Kumi na moja, na ukingoni walikaa kumi na wanne. Hesabu hii sihitaji mtu anifanyie.

Wa kanisani walikuja kutoa pole, nikajificha nyuma ya nyumba. Nililia huko, sioni haya kuandika. Kiti kile kilikuwa cha kwake. Alikuwa amekipata kwa miaka ishirini na miwili ya kuamshwa na watu, na mji ulikuwa umemsamehe hata makosa yangu. Alichohitaji ni niwaache wanawake wale waende makwao Ijumaa mchana. Nisifanye kitu. Ndilo jambo dogo kuliko yote aliyowahi kunihitaji, na sikuliweza. Nimewadanganya wanawake waliokula kwangu. Najuta hadi mifupa inauma.

Sylvanus alipita na gari, hakushusha kioo. Ningependa angeshusha, anicheke.

Akuabata alipojua yote, swali lake la kwanza lilikuwa miguu ya Mama Ejima ikoje. Akachemsha maji, akatia chumvi, akachukua mkoba wake, akaenda huko walikohifadhiwa. Kwa miguu. Alikuwa ameshafika getini ndipo akageuka, akaniambia kuna wali jikoni.

Alhamisi, 4 Septemba

Kuna matumaini! Nesi mpya aliyeletwa zahanati amekaa siku tano, ameona kijito, ameomba uhamisho. Kesho saa tatu kamati ya zahanati inakaa kuamua kama Akuabata arudishwe kwa mkataba. Wajumbe ni saba. Watatu wanamtaka, watatu ni watu wa Injinia. Mwenyekiti yuko katikati. Amemwambia Akuabata waziwazi: atampa kura yake akiridhika kwamba siasa zimekwisha, maana zahanati si uwanja wa kampeni.

Leo mchana Akuabata alinikalisha chini, akanishika mikono yote miwili. Hajafanya hivyo tangu siku tuliyompata binti yetu Olanma. Akasema mwaka huu amepoteza mengi na hakunilaumu, wala hatanilaumu. Anaomba kitu kimoja tu. Kesho nisimsaidie. Nisiende kwa mjumbe yeyote, nisiseme na mwenyekiti, nisifungue mdomo. Kazi hii ndiyo pekee iliyobaki, na bila hiyo hajui atakuwa nani akiamka asubuhi.

Macho yake yalikuwa yamejaa. Yangu pia. Nikaapa kwa jina la binti yetu. Na niliapa kwa moyo wote, Mungu ananiona. Wiki hizi mbili zimenifundisha. Mtu lazima ajue wakati wa kunyamaza, na huo ndio ukomavu.

Kwa hiyo nimenyamaza, na mchana wote nimefanya kazi kimya kimya kabisa. Nimezungumza na wajawazito wa mji huu, wote watakuja. Thelathini na mmoja! Watajipanga mbele ya geti la zahanati kuanzia alfajiri, kila mmoja na bango lake, ili wajumbe wakifika wakutane nao ana kwa ana. Mabango nimeyamaliza sasa hivi, rangi haijakauka. "Akuabata Zahanati Leo, Akuabata Bungeni Kesho." Mwenyekiti lazima ayeyuke.

Yeye sijamwambia, nataka afurahi akiyaona. Na kiapo changu nitakitimiza neno kwa neno. Kesho mimi sitafungua mdomo. Hotuba nimewaandikia wao.